Tisa wa Namatungu

Ramani ilisema wapo tisa, na Ramani haikosei. Hivyo ndivyo kila mtoto wa pwani alivyokaririshwa shuleni. Somoe Mkwinda alikuwa amezunguka ghuba ya kwao tangu asubuhi akiwatafuta hao tisa, na mpaka jua linasimama utosini hajaona hata mkia.

"Nguva wenu wana haya, dada," Luhende akasema akiwa kwenye usukani. "Kwetu ziwani hata kiboko ana adabu ya kuja shambani kukusalimia."

"Endesha chombo."

"Si naendesha."

Luhende alikuwa nahodha wake kwa misimu kadhaa, Msukuma wa maneno mengi na mkono mtulivu, na siku nyingine Somoe angecheka. Siku hiyo hapana. Alikuwa ameinamia kioo akitazama picha zilizotumwa na kipanga, ile ndege ndogo isiyo na rubani iliyokuwa ikizunguka juu yao. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini, na nyasi za bahari zimesitawi tele kama mpunga uliosahauliwa kuvunwa. Hapo ndipo palipomkera. Nguva halambi nyasi, anang'oa. Akipita anang'oa mpaka mizizi, na nyuma yake anaacha ujia mweupe wa mchanga mtupu, utadhani mtu kapita na jembe. Wanyama tisa wangeichana ghuba nzima kwa njia zao. Nyasi za Namatungu hazikuwa na ujia hata mmoja.

Na bado kwenye Ramani nukta tisa za kijani zilikuwa zinawaka. Pwani nzima hapakuwa na ghuba iliyowaka kama ile.

Ramani haikutegemea macho ya mtu. Ilitegemea waonjaji, maboya madogo yaliyofungwa katika kila ghuba kutoka mpaka wa kaskazini hadi wa kusini, yakionja maji bila kupumzika. Kila mnyama anayeishi baharini huacha kitu nyuma yake: kigamba cha ngozi, ute, kinyesi. Ndani ya kila kipande kuna vinasaba, na mwonjaji huvisoma kama wewe unavyosoma jina lililoandikwa mlangoni. Huyu pomboo, huyu nyangumi, huyu nguva. Huyu jike, yule dume, na yule mwingine ni ndugu yao. Vinasaba havidumu majini, huoza baada ya siku chache, kwa hiyo anayeonjwa leo alikuwa hai juzi. Ndivyo walivyopiga hesabu waliotunga Ramani, na walikuwa watu wenye akili zao. Walifikiria kila kitu isipokuwa binadamu.

Yote hayo yangekuwa ya wasomi kubishania wakinywa kahawa, kama si Ukuta. Jiji lilijengewa Ukuta wa kuzuia bahari iliyopanda, na Ukuta ule ulikula mchanga usishibe. Kila mwaka kabla ya masika, mtambo mkubwa ambao watu waliuita Mfyonzo ulipelekwa kwenye ghuba moja, ukafyonza mchanga wake mpaka mwamba. Ghuba ipi? Sheria ilisema: ile ambayo Ramani imeonyesha haina mnyama. Mfyonzo ukishapita, nyasi zinakwenda, mikoko inalala, ufuo unamomonyoka, na watu wanapakiwa malori kupelekwa kambi za bara. Namatungu haikuwahi kuguswa. Nukta tisa ziliilinda miaka yote hiyo, na mama yake Somoe alikuwa bado analala katika nyumba aliyozalia watoto wake.

Lakini sheria hiyo hiyo ilidai shahidi. Mtu wa nyama na damu alitakiwa aende, atazame, kisha aweke kiganja chake kwenye kioo kuthibitisha kwamba alichokiona na kilichosemwa na Ramani ni kimoja. Mwaka huo shahidi wa kusini alikuwa Somoe. Ofisi haikumuuliza alizaliwa wapi, naye hakusema.

"Tufuate ladha," akamwambia Luhende. "Tuone inatokea wapi."

Wakamshusha mwonjaji wa mkononi majini. Katikati ya ghuba ladha ya nguva ilikuwa hafifu. Karibu na mikoko ikapanda. Walipoingia kwenye hori, ule mkono mwembamba wa bahari unaojipenyeza nchi kavu, ikapanda mpaka kioo kikaanza kulia chenyewe. Luhende akazima mashine. Maji yalikuwa hayafiki kiunoni.

"Dada," akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Humu haingii hata nguva mchanga. Humu ni pa kaa."

Hori hilo Somoe alilijua. Mwisho wake, penye ukingo wa udongo mwekundu, aliwahi kusimama akiwa msichana, ameshika ndoo ya maji, ameambiwa anyamaze. Sasa bahari ilikuwa imeula ukingo ule nusu yake. Kwenye udongo uliokatika kulining'inia kipande cha kanga kilichopauka, na chini yake mbavu nene, nzito, zilizogeuka nyeusi kwa maji. Pembeni kulikuwa na mbavu nyingine, na nyingine tena.

Alielewa yote kwa mara moja, na akatamani asingeelewa.

"Geuza chombo," akasema. "Nipeleke kwa mama."

* * *

Bi Siajabu alikuwa uani anakuna nazi. Alipomwona binti yake amesimama mlangoni na viatu vya tope, hakungoja salamu imalizike.

"Marahaba. Mbona sura hiyo? Nani kafa?"

"Mama, wale nguva mliokuwa mkiwaosha. Walikuwa wangapi?"

Mkono wa Bi Siajabu ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. Namatungu hilo halikuwa swali la kuulizwa, tena mchana kweupe. Mwiko wao ulikuwa wa zamani kuliko nyumba zao: nguva akinaswa na wavu wa jarife akafa, hauzwi, haliwi, wala hatangazwi. Ana matiti kama mwanamke na hunyonyesha kama mwanamke, kwa hiyo huoshwa na wanawake, husitiriwa kwa kanga, huzikwa. Hakuna kilio wala matanga. Mvuvi aliyemnasa hufunga mdomo mpaka naye azikwe. Vijiji vingine walikula nyama, na vingine baadaye walipeleka habari ofisini wakapigwa picha na mzoga. Namatungu walizika wakanyamaza, na kwao kunyamaza huko ndiko kulikokuwa heshima yenyewe.

"Unataka hesabu ya nini?" mama akauliza.

"Walikuwa tisa?"

"Tisa. Wa mwisho tulimwosha kabla hujaolewa."

"Basi hakuna wengine, mama. Hao tisa wanaowaka kwenye Ramani ni maiti zenu. Bahari imefika makaburini. Kila maji yakijaa yanalamba mifupa iliyotunzwa na udongo, mwonjaji anaonja, anadhani wanaogelea."

Bi Siajabu akafuta mikono yake kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Tuliwasitiri," akasema, "nao wametusitiri."

"Mlikuwa mnajua?"

"Tujue nini, mwanangu? Tangu lini hatujaona nguva hapa? Ramani ikasema wapo. Tukasema, labda wamejificha, wametuchoka. Nani akatae heri ikija mlangoni kwake?"

Somoe akakaa kwenye kigoda. Alikuwa ametembea na neno moja kifuani tangu kule horini, na sasa lilibidi litoke.

"Kwenye ghuba ya Kiwambo wapo wawili. Hai. Mama na ndama wake. Niliwaona mwezi uliopita, mimi na Luhende, kwa macho yetu. Yule ndama mkia wake umekatwa na rafadha ya boti, una pengo pembeni."

"Kiwambo si Ramani inasema hakuna kitu?"

"Mto unamwaga tope pale tangu yale mafuriko. Waonjaji wameziba, hawaonji chochote. Nilimwambia Dakta Mushobozi ofisini, akanijibu macho hayana vinasaba." Alivuta pumzi. "Ila kuna kifungu kimoja, mama. Ghuba mbili zikiwa sifuri, neno la shahidi ndilo linaloamua. Nikisema ukweli wa hapa, Namatungu inakuwa sifuri, Kiwambo sifuri, na neno langu linawaokoa wale wawili. Mfyonzo unakuja huku."

"Na ukinyamaza?"

"Unakwenda Kiwambo."

"Kiwambo kuna watu?"

"Walihamishwa wote."

"Basi," akasema Bi Siajabu, na akaishika tena nazi yake.

"Si basi, mama. Pwani nzima nimeizunguka. Sijaona wengine. Wale wakienda ndio wamekwenda."

Bi Siajabu aliitupa nazi kwenye ungo. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na hata sasa hakupaza.

"Usinifundishe habari ya nguva, Somoe. Mimi nimewaosha kwa mikono hii. Nimewafunga kanga zangu mwenyewe, ile ya harusi yangu imo mle. Lakini dada yangu Mwanaidi walimpakia lori wakampeleka bara. Alikaa anatazama bati la jirani mpaka akafa, akazikwa na watu wasiojua jina la baba yake. Hapa yupo baba yako. Wapo ndugu zako wawili waliokufa kabla ya kuota meno. Nitawaacha na nani?"

"Niliapa kuwalinda wanyama hawa. Nilikula kiapo."

"Na mimi nilikula uchungu nikakuzaa." Akamtazama binti yake machoni. "Fanya utakavyo, wewe ndiye msomi. Ila siku ukinipakia kwenye lori, usinifuate huko kambini kuja kuniamkia."

Somoe alitamani mama yake alie, maana akilia angejua namna ya kumbembeleza. Bi Siajabu hakulia. Alimkunia nazi yake, akampikia wali, akamwekea, na alipoona hagusi akamwambia ale, chakula hakina kosa.

* * *

Kesho yake walitia nanga katikati ya ghuba. Sheria ilitaka kiganja kiwekwe mahali penyewe, juu ya maji yenyewe. Kioo kilikuwa tayari, na maandishi yalikuwa mafupi: Namatungu, nguva tisa, hai. Shahidi anathibitisha?

Ofisi ilitoa nafasi ya kusema hapana. Kulikuwa na mahali pa kueleza, na Somoe alikwisha kuyapanga maneno yote kichwani: makaburi, hori, mifupa, tope la Kiwambo, ndama mwenye pengo mkiani. Yalikuwa maneno mazuri. Alikuwa ameyarudia kitandani mpaka yakanyooka.

Luhende alisimama kwa nyuma, mikono kwapani.

"Dada, wale wa Kiwambo tuliwaona."

"Tuliwaona."

"Yule mdogo alikuja mpaka kwenye chombo. Ukaniambia nizime mashine nisimtishe."

"Nakumbuka, Luhende."

"Sisemi kitu. Nakumbusha tu."

Kutoka pale waliposimama paa la nyumba ya mama yake lilionekana, na uani kulikuwa na nguo zimeanikwa. Somoe aliziangalia nguo zile. Alijiambia kwamba angekuwa mtu mwingine, shahidi kutoka bara asiyejua hori wala kanga, angeona nukta tisa, angeona maji maangavu na nyasi nzuri, angeweka kiganja na kwenda zake kula. Ni kujua tu kulikomponza. Na je, kujua ni kosa? Hivyo ndivyo mtu anavyojitetea akishaamua, na Somoe hakuwa mpumbavu. Alijua kwamba amekwisha kuamua tangu alipokula ule wali.

Akaweka kiganja.

Kioo kikashukuru. Mbali kule kaskazini, bila mtu yeyote kuinua mkono, Ramani ikapanga upya mambo yake, na jina la Kiwambo likageuka jekundu.

Luhende aliwasha mashine. Njia nzima hakutia neno, yeye ambaye alikuwa akizungumza hata na ndege. Walipofika aliifunga kamba, akamshika mkono kwa adabu, na wiki ile ile akaomba kuhamishiwa ziwani kwao.

* * *

Mfyonzo ulifanya kazi Kiwambo msimu wote wa kaskazi. Masika yalipoanza ukaondoka, na maji yaliyobaki yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Somoe hakwenda kutazama. Alichukua likizo, akaja kukaa kwa mama yake, akafagia ua, akachota maji, na watu wa Namatungu wakamsalimia kwa heshima ambayo hakuitaka. Habari za makaburi mama yake alikwisha kuwaambia wanawake wa kuosha, na hao waliwaambia waume zao. Mjini neno hilo lingefika kila baraza. Namatungu lilikaa palepale lilipowekwa.

Asubuhi moja mjomba wake Chande, ndugu mdogo wa Bi Siajabu, alikuja mpaka mlangoni akasimama bila kubisha hodi. Hiyo ndiyo dalili yao. Mtu akija akasimama kimya, wanawake wanajua, wanachukua ndoo.

"Jarife?" Bi Siajabu akauliza.

"Hapana. Maji yamemleta yenyewe."

Nguva alikuwa amelazwa chini ya mikoko juu ya makuti. Mdogo. Ngozi yake ilikuwa imeambuka mgongoni, na mdomo wake mpana, ule wa kung'olea nyasi, ulikuwa umejaa tope. Alikuwa amekonda. Ndama wa nguva anapaswa awe mnene kama mto wa kulalia, na huyu mbavu zake zilihesabika.

"Leo utaosha na sisi," mama akamwambia Somoe. "Umekua."

Wakaosha. Mmoja alimwaga maji, mmoja alipangusa, na Somoe akapewa miguu, ndivyo walivyosema wenyewe, ingawa nguva hana miguu. Akateremsha mkono wake mpaka mkiani, na kidole chake kikaingia kwenye pengo.

Alilijua kabla hajalitazama. Akakaa nalo hapo, kidole kwenye kovu, na machozi yakamtoka bila sauti maana hapo mahali hapaliliwi.

"Mama," akasema. "Huyu ndiye wa Kiwambo."

Wale wanawake wengine wakaacha kumwaga maji. Bi Siajabu alibaki ameinama.

"Una hakika?"

"Ndiye."

"Na mama yake?"

"Sijui. Huyu alikuwa bado ananyonya. Asingemwacha."

Bi Siajabu alichukua kata, akachota maji, akamwosha ndama yule usoni, taratibu, akatoa tope mdomoni mwake kwa ncha ya kidole mpaka likaisha. Kisha akavua kanga yake ya begani, akamfunika.

"Tusamehe, mwanangu," akasema, na Somoe hakujua anamwambia nani.

Mjomba Chande alikuwa akingoja na jembe. Mwiko ulitaka nguva azikwe juu, mahali ambapo maji hayafiki, apumzike mbali na bahari iliyomuua. Wazee waliochimba yale makaburi tisa walifanya hivyo, ni bahari tu iliyowafuata.

"Nimeona mahali pazuri kule kwenye mwinuko," akasema. "Pakavu."

"Hapana," Bi Siajabu akasema. "Karibu na maji."

Chande alimtazama dada yake. "Dada, yatamchukua. Kabla hata masika hayajaisha."

"Najua."

"Huko si kumzika."

"Chande, kaburi la kwanza linakwisha. Nimekwenda kuangalia, imebaki mifupa ya mkia tu. La pili limebaki ubavu mmoja." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Mwakani watakuja tena na kile kioo chao. Watahesabu. Chimba karibu na maji."

Chande alishindwa kuinua jembe, akasimama nalo tu kama mtu aliyesahau lina kazi gani, ndipo Somoe akalichukua mkononi mwake. Akateremka mpaka kwenye ukingo mwekundu, kando ya mbavu nyeusi za wale wa zamani, akachimba. Hakuchimba sana. Alijua kipimo kuliko wote waliokuwapo: kina ambacho mawimbi yatafika, lakini hayatamaliza haraka.

Walipokwisha kumfukia, wengine wakaenda zao mmoja mmoja bila kuagana. Somoe na mama yake wakabaki wamekaa ukingoni. Ilikuwa siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, yale ambayo tangu utotoni alikuwa akiyaogopa, ambayo watu wa Namatungu huyasomea dua yasipande. Yalikuwa yanakuja, yanaingia horini kidogo kidogo, yanapapasa mizizi ya mikoko.

Somoe akajikuta anaomba yapande.

Yakapanda. Yakafika kwenye udongo mbichi, yakarudi, yakafika tena. Siku ya tatu nukta ya kumi ikawaka, kijani kibichi kuliko zote, na Dakta Mushobozi akatuma pongezi kwa mkono wake mwenyewe: nguva wa Namatungu wamezaa.